Watoto kumi na mmoja, Bibi mmoja: jinsi nilivyoiokoa Desemba yetu ya Pangani

Wanaokwambia kwamba furaha ya familia inapangwa kwa ratiba hawajawahi kulala nyumba moja na wifi, shemeji na watoto kumi na mmoja mwezi wa Desemba. Mimi nimelala. Na mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu baba afariki, tumeagana tukicheka badala ya kuagana tumenuniana. Kila mtu kwenye ukoo ananiuliza nilifanyaje, na wengine wameanza kujitwalia sifa, kwa hiyo acha niseme mwenyewe.

Kwa mama, ambaye watoto wote wanamwita Bibi, ni Pangani, mkoani Tanga, kwa miguu si mbali na kivuko cha mtoni. Vyumba vitatu, choo cha uani, na feni moja ambayo ni ya Bibi na haijadiliwi. Kaka na wifi walitoka Mwanza, dada na mumewe walitoka Mombasa, sisi tulitoka Dar. Shule zimefungwa, kaskazi imeanza, joto lile la kunata ambalo ukivaa nguo kavu saa mbili, saa tatu unaikamua. Mkubwa wa watoto ana miaka kumi na sita, mdogo bado ananyonya.

Ushauri niliupata wa kutosha kabla ya kuondoka. Rafiki yangu wa kazini alinichorea ratiba ya kubandika ukutani: saa hizi michezo, saa hizi mazungumzo ya familia, saa hizi kila mtu ataje kitu anachoshukuru. Hebu fikiria unamwambia kaka yangu ataje kitu anachoshukuru. Wifi akaja na kamati ya sare, fulana za rangi ya chungwa zilizoandikwa kifuani jina la ukoo. Laki mbili na ushee, ukiweka na nauli ya kuzituma. Rangi ilitoka na jasho siku ya kwanza na watoto wote wakawa na shingo za manjano.

Lakini mpango mkubwa ulikuwa wa shemeji. "Dada, watoto wanakumbuka vitu vikubwa," alisema. "Tuwapeleke Maziwe wote kwa pamoja."

Maziwe, kwa wasiokijua, ni kisiwa cha mchanga mtupu mbele ya Pangani. Zamani kilikuwa na mivinje, na kasa walikuwa wakitaga pale. Bahari ikala miti, ikabaki fungu la mchanga ambalo maji yakijaa sawasawa linazama. Kwa hiyo huendi Maziwe unapotaka, unakwenda maji yanapotaka. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwetu maji hupwa mpaka mwisho mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Bibi hana chati, ana macho tu. Usiku ule alisema, "Kesho bamvua. Mkitaka kuukanyaga mchanga, saa mbili muwe majini."

Saa mbili shemeji alikuwa anapanga watu kwa picha. Warefu nyuma, wafupi mbele, mtoto akalia, fulana ya mmoja haionekani, tukahama kivuli, tukarudia. Pilau ikachelewa kwa sababu wifi alitaka iende ya moto. Injini ya boti inawashwa ni saa saba, nahodha kashakaa kimya kile kimya cha mtu ambaye kalipwa tayari. Njiani upepo ulikuwa wa mbele. Watoto wa Mwanza, waliotamba kwamba wao wamekulia ziwani, ndio waliotangulia kutapika. Tulipofika kilikuwa kimebaki kipande cha mchanga kisichotosha mikeka miwili. Nahodha akasema, "Nusu saa, basi." Shemeji akatandika mkeka hivyo hivyo. Hatujamaliza kupakua, wimbi likapita chini ya mkeka, taratibu kabisa, likachukua ndala tatu na bakuli la kachumbari. Wifi akainua sufuria ya pilau kichwani na kurudi botini maji yakiwa magotini, fulana ya chungwa imemganda, anasema maneno ambayo sitayaandika. Hapo tumeshalipa boti, mafuta na kiingilio cha hifadhi. Kiasi gani, kaka anakijua na hataki kukitaja.

Nyumbani tuliwakuta Bibi na binti wa kaka wa miaka saba, aliyebaki kwa sababu sikio lilikuwa linamuuma. Wamekaa kwenye mkeka chini ya mwembe, wanakula embe mbichi kwa chumvi na pilipili, midomo imewaka, wanacheka kitu ambacho hawakutuambia mpaka leo. Mtoto yule ndani ya saa chache alikuwa amejifunza mdako, akajua jina la utani la babu yake, na sikio limepona. Sisi tuliokwenda kutafuta kumbukumbu tulirudi na ndala pungufu.

Basi usiku huo nikaamua: hakuna tena msafara. Kila jambo lifanywe na watu wawili, wasizidi watatu. Na kwa kuwa huwezi kuwaambia watoto "nendeni mkafurahi wawili wawili", nikatumia njia ya kuwatuma.

Sasa nanyi mtasema, mtoto gani anapenda kutumwa? Hapo ndipo ujanja wangu ulipo, na nauonea fahari. Sikuwatuma. Niliwakatalia. Asubuhi nikasema kwa sauti, "Bibi anakwenda mnadani kununua samaki, anahitaji mtu mmoja tu, anayejua kazi. Wewe bado mdogo. Wewe unasinzia. Wewe hapana, uliniangusha juzi." Kufika jioni walikuwa wanagombania zamu, na kijana wa Mombasa amelala na viatu ili asiachwe alfajiri. Sheria ilikuwa moja: aliyetumwa chenji ni yake, na akirudi asihojiwe. Hii ya kutohojiwa ndiyo watu wanaisahau. Mtoto akirudi mkamzunguka na "enhe, umeona nini, umejifunza nini", kesho haendi.

Kijana yule alirudi na changu wanne na vibua, kavimba kifua. Bibi alikuwa amemwonyesha kufunua mashavu ya samaki aone kama bado ni mekundu, na kusimama kimya dalali anapotaja bei ya kwanza. Tangu siku hiyo chakula hakikupita mezani bila yeye kutueleza samaki yupi alivuliwa jana.

Mbuzi ya kukunia nazi nayo niliifanyia hivyo hivyo. Ilikuwa inakaliwa na mwenye ruhusa tu. Nikaruhusu wawili kwa siku, mmoja anakuna, mmoja anakamua tui. Mtoto wa dada, ambaye kwao nazi hununuliwa imeshakunwa, alikuna mpaka akakwaruza kidole na akakataa kuachia. Chicha waliwapelekea kuku. Kazi yangu ikabaki kuonja. Ndiyo, nimewafanyisha kazi watoto wa watu likizo nzima na wamenishukuru.

Watu wazima pia nao waligawanywa, bila kujua. Mimi na kaka tulitumwa (na mimi) kuvuka mto kwenda Bweni kuangalia mikeka. Nauli ya mtembea kwa miguu kwenye kivuko ilikuwa hela ya andazi tu. Mikeka hatukuinunua. Tulivuka, tukakaa, tukanywa dafu, tukarudi, na katikati ya mto kaka akaanza kumwigiza marehemu baba anavyobishana na kondakta. Sikumbuki lini mara ya mwisho tulicheka peke yetu bila mke, mume wala hesabu ya michango.

Umeme ulipokatika, Bibi alitoa watatu nje na kuwaonyesha Kilimia, kile kikundi cha nyota kinachokaa juu kabisa jioni za Desemba, akawapa na msemo wake: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mmoja akahesabu sita, mwingine akaapa ni saba. Wakabishana mpaka umeme ukarudi na hakuna aliyetaka kuingia ndani.

Aliyenishinda kwa muda mrefu ni binti wa miaka kumi na sita. Huyo hatumwi, hakataliwi, yuko na simu yake. Usimnyang'anye mtoto wa rika hilo simu, wasikudanganye. Utapata mtu aliyekaa nawe kwa chuki. Nilimpa simu nyingine. Kitochi cha Bibi kilikuwa kimejaa meseji, hakipokei tena, na Bibi haoni vizuri. Nikamwambia amsomee, afute zisizo na maana.

Nilikuwa jikoni, nikasikia kicheko. Kumbe Bibi ametunza kwa wiki kadhaa ile meseji ya matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii", roho inamuuma kwamba kuna mtu anamdai na yeye kasahau. Binti alipomweleza, Bibi akasema basi ajibiwe, si vizuri kumnyamazia mtu. Wakakaa wanatunga, Bibi anasema, mjukuu anaandika: "Hela ipo mwanangu. Kwanza niambie wewe ni mtoto wa nani na kwenu ni wapi." Nyie msiwajibu watu hao, lakini mama yangu hakuniuliza.

Jibu likaja kabla ya magharibi. "Shikamoo bibi. Samahani nimekosea namba."

Bibi akafikiri kidogo. "Mwandikie marahaba," akasema. "Na umuulize kama ameoa."