Ripoti ya Air France 447
Jana nimekesha nasoma ripoti ya wachunguzi wa Ufaransa kuhusu ndege iliyoanguka Atlantiki Juni 1, 2009, ikiwa na watu 228. Visanduku vyeusi vilipatikana 2011, kina cha karibu mita 3,900! Wamepanga tukio sekunde kwa sekunde: mirija ya kupimia mwendo inaziba kwa barafu, otopailoti (mtambo unaoendesha ndege yenyewe) inajizima, rubani anavuta usukani, pua inapanda. Kengele ya kuonya kwamba mabawa hayabebi tena inalia sekunde 54 mfululizo. Kilichonigusa, hawakuishia kusema "rubani kakosea." Wakauliza alifundishwa nini, aliona nini mbele yake. Nahodha anarudi kutoka mapumzikoni, ndege tayari inaporomoka. Hapo nikaweka simu chini.