Siku niliyopata jina la FedEx

Mwaka 2012 nipo form three, kaka angu mkubwa alikuwa anasoma pale chuo cha Mkwawa Iringa mjini, na wikiendi akija nyumbani Kalenga anakuja na laptop aliyonunua kwa boom, yani hela ya mkopo wa chuo. Mle ndani kulikuwa na vipande vya Jeopardy!, ile chemsha bongo ya kwenye TV ya Marekani, na karibu vyote vilikuwa vya mtu mmoja tu, Ken Jennings. Jamaa alikuwa programa wa kompyuta kutoka Utah, mtu wa kawaida kabisa ukimwangalia, ila mwaka 2004 alishinda mechi 74 mfululizo akaondoka na zaidi ya dola milioni mbili na nusu. Na hapo ujue mpaka mwaka mmoja nyuma yake bingwa alikuwa akishinda mara tano anaambiwa asante nenda nyumbani, walipotoa hiyo sheria ndo akatokea yeye.

Mimi nikachanganyikiwa. Shule yetu ilikuwa na timu ya chemsha bongo ya wanne na mimi nilikuwa ndo wa kubonyeza, yani mwenye kengele. Kengele zenyewe zilikuwa za baiskeli, fundi kazifunga kwenye vipande vya mbao, basi kila timu inawekewa kimoja mezani. Sa mimi nikaenda nikafungua ya Phoenix ya babu bila kumwambia, kila jioni kaka ananisomea maswali mimi nagonga. Na tulikuwa tunajibu kama wao, maana kule wanasomewa maelezo halafu wewe unatoa jibu kwa mtindo wa swali, basi kaka anasoma "aliwapa watu maji wakati wa vita iliyoanza 1905", mimi ngriing, "ni nani Kinjekitile!" Mama yuko jikoni anacheka mpaka analia, na babu chumbani anauliza nani huyo anapita na baiskeli usiku huu.

Kitu kimoja kaka alikisema mara nyingi na mimi nilikisikia kwa sikio moja. Kule huruhusiwi kubonyeza mpaka mtangazaji amalize kusoma, kuna taa pembeni zinawaka, ukiwahi kabla hazijawaka kitufe chako kinafungwa robo sekunde na kwenye robo sekunde hiyo mwenzako keshapita. Wote watatu wanaosimama pale majibu mengi wanayajua, anayeshinda ni yule mwenye kidole chenye subira. Hata mwaka 2011 Jennings alipofungwa na Watson, kompyuta ya IBM, kaka alikuwa anasema ile mashine haikumzidi akili tu, ilimzidi kidole.

Mi nikaona ah, subira ya nini, kwetu hakuna taa. Anayegonga wa kwanza ndo anajibu.

Fainali ilikuwa Iringa mjini, mwezi wa saba, ile baridi ambayo unaongea mvuke unatoka. Tulitoka na haisi ya saa kumi na mbili asubuhi, tumebanana, nimeipakata kengele ya babu kwenye mfuko wa rambo kwa ajili ya bahati. Tukawatoa watu wawili huko mwanzoni, sikumbuki hata walitoka wapi, mwisho tukabaki sisi na madogo fulani wa Mufindi wenye sweta za kijani, wapole balaa, hawaongei. Nagonga kila kitu mimi. Urefu wa reli ya TAZARA, ngriing, kilometa 1,860. Kimondo cha Mbozi, ngriing. Watu wanashangilia, kichwa kimevimba, najiona niko Marekani kabisa.

Tukafika sare, likabaki swali moja. Muulizaji akasema, "Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyejiua..."

Ngriing! "Elfu moja mia nane tisini na nane!"

Ukumbi ukanyamaza. Yule mwalimu akanitazama kwa huruma hivi halafu akamalizia taratibu, "...ili asikamatwe na Wajerumani, fuvu lake lilirudishwa nchini mwaka gani?"

Dogo wa Mufindi akagonga kengele yake kimya kimya kama anaomba hodi. 1954. Wakachukua kamusi na katoni la madaftari, sisi tukapigiwa makofi ya pole.

Sa fikiria mimi ni mtoto wa Kalenga, lile fuvu liko makumbusho ya pale pale kijijini, primary yote nimepita mbele yake kila siku asubuhi! Kaka ndo akanimaliza kwenye haisi tukirudi. Si unajua Jennings alitolewa na nini, akaniambia. Aliulizwa kampuni gani ina wafanyakazi 70,000 wa ofisini wa msimu wanaofanya kazi miezi minne tu kwa mwaka, jibu ni H&R Block, watu wa kujaza fomu za kodi, Wamarekani kibao wanawajua, yeye akaandika FedEx. Kuanzia siku ile kaka ananiita FedEx, na mpaka kwenye harusi yangu MC alipewa hilo jina.

Nyumbani babu alikuwa anaota jua nyuma ya nyumba. Nikamwamkia, nikamsimulia yote. Akakaa kimya, halafu akaanza kunielezea, mwezi wa sita ule wa 1954 fuvu liliporudi, watu walivyofurika hapa kama nzige, gavana Twining mwenyewe kaja, yeye kijana tu kapanda juu ya mti ili aone. Aliongea karibu saa nzima na sikuwahi kumsikia akiongea hivyo.

"Babu, mbona hujawahi kutuambia?"

"Mmeniuliza lini?" Kisha akanyoosha mkono. "Haya, lete kengele yangu."