Mama wa orki

Juzi binti yangu aliniuliza kama orki ana mama. Alikuwa ametoka kuangalia katuni kwa jirani: jeshi zima la maorki, viumbe wa hadithi wenye meno ya nje, limeporomoka mlimani, limekufa lote, na hakuna hata mmoja aliyeliliwa. Nikamjibu kwamba anaye. Akataka kumjua. Sikumwambia kuwa usiku mmoja, hapahapa Dodoma, mama huyo nilikuwa mimi.

Ni mambo ya mwaka wa pili chuoni, lile kundi la chumba cha mwisho. Msimulizi wetu alikuwa amepata kwenye flashi kitabu cha kanuni za Shadowrun, mchezo wa mezani wa kuigiza kwa maneno, ambamo msimulizi huongoza hadithi na kuwaigiza wahusika wengine wote, uliotolewa na kampuni moja ya Chicago mwaka 1989. Dunia yake ina magari, kompyuta na makampuni yenye nguvu kuliko serikali, ila uchawi umerudi. Mwaka 2011 watu wa kawaida wanaanza kuzaa watoto ambao ni maelfi, wale wa masikio yaliyochongoka, na madwafu, watu wafupi wenye nguvu. Halafu Aprili 30, 2021, mtu mmoja kati ya kumi anashikwa na maumivu, mifupa inapanuka, meno yanachomoza, na anayenyanyuka kitandani ni orki au troli, jitu kubwa kuliko orki. Wakati tunacheza, tarehe hiyo ilikuwa bado haijafika.

Hilo ndilo lililonivuta kwenye mchezo huo mpaka leo. Katika hadithi nyingine orki hutokea tu, kundi kwa kundi, tayari ameshika shoka. Hapa ni mtoto wa mtu. Jana alikuwa anakula mezani kwenu.

Mji wa mchezo ni Seattle, na kati yetu hakuna aliyewahi kufika Seattle. Msimulizi akatandika karatasi ya manila sakafuni akachora Dodoma ya mwaka 2031: reli, Jamatini, Nyerere Square, Area C, chuo chetu juu kule. Maelfi, alisema, wawe warefu wembamba kama wale watu wekundu waliochorwa kwenye miamba ya Kolo, na wakae Uzunguni. Madwafu wakapewa reli. Maorki wakapelekwa Chang'ombe. Ilimchukua dakika chache tu kupanga hivyo, na hakuna aliyeona ajabu, maana mji wenyewe ulishagawanywa zamani kwa rangi za watu. Majina ya Uzunguni na Uhindini bado tunayo midomoni tunapomwelekeza bodaboda.

Mpole wetu, yule wa Kondoa, alichagua kuwa orki. Mambo ya kwanza ya usiku ule nayaruka: tuliiba, tukakimbizwa, tukajificha. Ikafika orki anatafuta chumba cha kupanga Area C. Msimulizi akageuka mwenye nyumba, akajiegemeza kwenye mlango wa kabati.

"Dalali hakuniambia kama ni wewe," akasema. "Chumba kimeshachukuliwa."

"Dalali ameondoka hapa sasa hivi, baba. Kanionyesha mpaka choo."

"Kimechukuliwa, kijana."

Kwa kanuni, orki ana nguvu kuliko mtu. Sote tulingoja avunje mlango, na mmoja wetu alishaanza kumkusanyia dadu. Yeye akazisogeza pembeni. "Naenda kumleta mama," akasema. Kisha akanigeukia: "Dada, wewe ndiye mama yangu. Twende."

Nikainuka. Nilikuwa na khanga mabegani, nikaifunga vizuri kiunoni. Sikuwa nimejiandaa kwa neno hata moja. Nikapiga hodi kwenye kabati.

"Karibu. Shikamoo mama," msimulizi akasema.

Ilimtoka tu. Alikuwa ameshapanga namna ya kutufukuza, lakini mbele ya mama wa mtu mdomo ulienda wenyewe kwenye shikamoo. Nami nikaitikia bila haraka: "Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo?" Akajibu yote. Nikaona anahangaika kurudi kwenye ile sauti ya kwanza.

"Huyu nilimzaa Mvumi," nikamwambia. "Kilo tatu na nusu. Hakuwa na jino hata moja." (Kilo tatu na nusu ni maneno ya mama yangu mzazi. Kila aliponitetea kwa mwalimu au kwa jirani alianzia kwenye kilo zangu.) "Siku ilipomshika alikuwa darasa la sita. Nilikaa naye tumefunga madirisha, kwa sababu mwanga ulimuumiza. Sauti ilibadilika, lakini aliyekuwa akiitwa ni mimi."

Mpole alikuwa amesimama nyuma yangu, ameinamisha kichwa, anacheza kwa kukaa kimya.

Hapo nikakumbuka jambo lililoandikwa kwenye kile kitabu: orki hukomaa upesi na huzeeka mapema, akifika arobaini ameshakuwa mzee. Elfi huishi miaka na miaka. "Baba," nikasema, "mimi ndiye nitakayemzika huyu. Hilo nimeshalikubali. Kodi ya miezi sita ninayo hapa. Ninachotafuta ni mahali pa kulala, mpaka siku hiyo ifike."

Msimulizi alinitazama kwa muda. Alikuwa ameshika penseli, hakuandika kitu.

"Tupa dadu," hatimaye akasema.

Ndivyo kanuni zilivyo. Kumshawishi mtu ni kazi, na kila kazi hutupiwa dadu. Zetu zilikuwa za ludo. Unatupa kadhaa, unahesabu zilizotua kwenye 5 au 6. Nikanyoosha mkono. Mpole akaweka kiganja chake juu ya zile dadu. "Hapa hatutupi," akasema. "Mwache ajibu mwenyewe."

Tukabishana mpaka usiku mkubwa. Msimulizi alisema bila dadu itakuwa hadithi tu, na yeye atalazimika kuwa mwema kwa sababu tunamwangalia. Mpole hakubishana sana. Wiki ile alikuwa anatafuta chumba mtaani, hilo tulilijua. Yaliyomkuta huko hakuyasema, nami sikumuuliza. Mitihani ikaingia, kundi likatawanyika, na kwenye ule mlango hatukurudi tena.

Msimulizi tunapigiana simu mpaka leo. Bado anashikilia kwamba dadu ndiyo haki: kwenye dadu orki ana nafasi sawa na elfi, lakini kwenye moyo wa mwenye nyumba wa Area C hana. Kuna siku namwelewa kabisa. Lakini mimi ndiye niliyesimama pale. Aliponiambia shikamoo alishanikubali kuwa mama wa mtu, na chumba kilikuwa chake, angeweza kunipa. Dadu zingetua 2 na 3, angesema si yeye.