Nilivyotoa fuwele za boraksi kwenye tope la Searles Lake na kuzitunza zisigeuke unga

Boraksi wengi tunaijua ile ya unga mweupe ya dukani, mimi nilikuwa naitamani fuwele yenyewe, ile inayopitisha mwanga, na hapa California nilipo pa kuipata ni Searles Lake, kwenye kamji ka Trona jangwa la Mojave. Ziwa juu ni kavu ila chini kuna matabaka ya chumvi na maji ya chumvi kali balaa. John Searles alianza kutoa boraksi pale miaka ya 1870 na mpaka leo wanavuta yale maji kwa pampu wanatoa boraksi na magadi, magadi kabisa kama ya Ziwa Magadi kule Kenya. Mgodi unachotaka ni maji, fuwele kubwa zilizolala kwenye tope hazina kazi kwao, kwetu sisi ndo mali.

Huingii hivi hivi lakini, ni eneo la mgodi, unasubiri Gem-O-Rama, maonyesho ya mawe na madini ya mwezi wa 10, klabu ya mawe ya pale inaandaa, unalipia gari mnaingia kwa msururu. Kwenye tope unakuta mashine zimeshalichimbua limemwagwa vichuguu vichuguu, jeusi, linanuka mayai viza, unazamisha mkono unapapasa mpaka uguse kitu chenye kona. Sehemu nyingine wanapuliza hewa ya kompresa kwenye shimo lililochorongwa, maji na fuwele vinaruka juu, hapo hanksaiti, madini mengine ya chumvi yenye fuwele za pembe sita, unaokota hadi uchague. Vaa glavu nene na buti za zamani, ile chumvi inachana ngozi.

Sasa pa muhimu ni hapa, USIOSHE KWA MAJI YA BOMBA. Maji ya bomba yanayeyusha fuwele, ila maji ya ziwa yameshashiba chumvi hayawezi kubeba zaidi, kwahiyo unaoshea hayo hayo, wanayaweka kwenye matangi pale pale. Nilisugua kwa mswaki nikajaza na dumu moja la kwenda nalo nyumbani, maana tope lililoingia kwenye mianya halitoki siku hiyo hiyo, unaliloweka unarudia taratibu.

Kukausha ni kwa kitambaa na kivulini, si juani wala karibu na hita. Boraksi karibu nusu ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele, hewa kavu ikiyavuta inaanza ukungu mweupe juu, baadae inakuwa kama chaki, na hapo ni madini mengine tayari, tinkalkonaiti, ule ung'avu wake haurudi tena. Ndo maana vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu mimi siweki kabisa kwenye boraksi, vinaiharakishia kifo. Nazipaka mafuta ya watoto kidogo, yale ya kumiminika, nafungia kila moja kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, naweka kabatini mbali na dirisha.

Hanksaiti hizo naweka kopo lake peke yake, sio borati zile, yaani sio jamii ya boraksi, ni chumvi za salfeti na kaboneti pamoja, zenyewe adui ni unyevu kwahiyo vipakiti vyote vinaenda huko. Nikimpa mtu boraksi zawadi nampa na kopo lake, na namwambia kabisa asiliache wazi.