Mkono wa mzee wa Karitāne

Juzi binti yangu alikuwa akikusanya karatasi za kampeni zilizotupwa mlangoni kwetu, za huu uchaguzi mdogo unaotunyima usingizi. Akaniuliza, "Baba, mbona kura ni siri? Kwani ni jambo baya?" Nikamwambia amalize ugali wake.

Mimi kimawazo tayari nilikuwa Karitāne, kaskazini mwa Dunedin, New Zealand, 1998. Mvua ilikuwa imenilowesha chepechepe, na mzee wa Ngāi Tahu, kabila la Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi ile, alinimiminia chai kabla hata sijajitambulisha. Daftarini nilikuwa na swali moja: uchaguzi mdogo wa 1885. Mbunge H. K. Taiaroa alikuwa amepelekwa Baraza la Juu la bunge, na kiti cha Wamaori wa Kusini, kimoja kwa Kisiwa kizima cha Kusini, kikabaki wazi. Tame Parata akakitwaa asikiachie hadi 1911, akililia bungeni ardhi ya watu wake iliyonunuliwa 1848 kwa pauni 2,000.

"Walipigaje kura?" nikauliza.

Mzee akaweka kikombe chini, kijiko kikalia kwenye sahani. Akashika ukingo wa meza, akajiinua polepole mpaka akasimama wima. Akanyanyua mkono wa kulia, vidole viwili vikakataa kunyooka, kisha akatamka kwa sauti iliyojaa chumba kizima: "Parata!"

Hakuketi. Alinitazama tu, mkono ungali juu. Ndipo nikang'amua kuwa mimi ndiye afisa wa uchaguzi, na jina linangoja kuandikwa. Nikaliandika.

Wazungu wa New Zealand walipata kura ya siri kwa sheria ya 1870. Wamaori waliipata uchaguzi wa 1938. Nilitaka kumwambia hiyo ilikuwa dharau, lakini alikuwa akitabasamu. Babu yake, alisema, hakuwa na cha kuficha.

Basi nikamsimulia mlolongo wetu wa Kenya wa 1988, kura ya kupanga mstari hadharani: mama nyuma ya picha ya mgombea wake, mstari umeuzunguka mwembe, halafu mstari mfupi ndio ukatangazwa mshindi. Waliokuwa wakihesabu waliijua migongo yetu yote, na mwaka ule mbolea haikufika kwetu. Mzee akaacha kutabasamu, akaniongeza chai.

Binti amemaliza ugali. "Sasa nyanya alisimama nyuma ya nani?"

Najua. Kijiji kizima kinajua. Nimemwambia akamuulize mwenyewe.