Mama anenapo: vitabu vitatu vya mama na mwana

Vitabu vinavyomsifu mama ni vingi, na vingi vinachosha. Mama anamwagiwa sifa, analiliwa, kisha haambiwi tena neno wala hasemi neno. Ninavyovipenda ni vile ambavyo mama anamfanyia mwanawe jambo la kuonekana, au anashindwa kulifanya, na msomaji anaona gharama yake.

Cha kwanza hakina mshindani: Utendi wa Mwana Kupona, shairi refu la mama anayemuusia binti yake. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, aliutunga mwaka 1858. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa mji wa Siyu katika kisiwa hicho, aliyepambana kwa miaka mingi na usultani wa Unguja, aliyefariki miaka miwili kabla. Sasa mama mwenyewe ni mgonjwa, na binti yake, Mwana Hashima, bado ni kijana. Hayo si mapambo ya utangulizi. Yamo ndani ya shairi:

Maradhi yamenishika
hatta yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia.

Ndoo mbee ujilisi
na wino na qaratasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia.

Tazama anavyoanza. Hamwiti binti aje amlilie, anamwita aje na wino na karatasi, asogee mbele, aketi. Mama atanena, mtoto ataandika. Maana yake Hashima anajua kuandika, na maneno ya mama yatapita katika mkono wake mwenyewe kabla hayajafika kwa mtu mwingine yeyote. Kisha mama anamwambia achukue hirizi, aifunge vizuri kwa uzi, na anaahidi kumtungia kidani cha lulu na marijani, akivae shingoni king'ae. Hirizi na kidani ndiyo hizo beti zenyewe. Kwa mwanamke anayejua kwamba siku zake zinahesabika, sijui zawadi ipi ingekuwa kubwa zaidi.

Wengi hukosea hapa. Katikati ya utendi kuna beti nyingi kuhusu mume, na hizo ndizo hukatwa na kusomwa peke yake katika sherehe za arusi: "Keti naye kwa adabu, usimtie ghadhabu, akinena simjibu, itahidi kunyamaa." Ukizisoma hizo tu, utendi unageuka kanuni za ndoa, nao si hivyo. Kabla ya mume, mama ametanguliza dini, kisha adabu na ulimi mwema, kisha ukweli. Na baada ya mume shairi linageuka kuwa dua ndefu: anawaombea wanawe na jamaa zake, anaomba afya, anaomba kusamehewa. Hiyo dua ndiyo inayoonyesha kwamba mausia yote yalitoka kwa mtu mwenye hofu ya kuwaacha watoto. Anayeishia katikati anaukosa moyo wa utendi. Mtu wa leo ana haki ya kuyakataa mengi anayomwambia binti kuhusu mume, nami nayakataa baadhi. Ila ayakatae baada ya kuzisoma beti zote 102.

Kikwazo kingine ni Kiamu, lahaja ya Lamu ambayo utendi umetungwa kwayo. Wasomaji waliozoea Kiswahili sanifu hukata tamaa kwenye ubeti wa tatu, na hakuna haja. Shika mambo machache: "ndoo" ni njoo, "mbee" ni mbele, "lema" ni jema, "pamoya" ni pamoja. Kiambishi "-to" mwishoni mwa kitenzi kina maana ya vizuri, kwa hiyo "uifungeto" ni uifunge vizuri. La hatari zaidi ni "si-" ya kukataza: "simjibu" hapo juu ni usimjibu, siyo mimi simjibu. Ukikosa hilo, utadhani mama anajisema mwenyewe wakati anamwagiza binti.

Usome kwa sauti. Kila kipande, yaani kila mstari, kina mizani (silabi) 8, vipande 3 vya kwanza hulingana kwa kina, cha nne hurudi kwenye "a" ubeti hadi ubeti. Pumua mwisho wa kila kipande, usikimbilie kituo, yaani kipande cha mwisho. Beti kumi kwa kikao zinatosha. Ukihesabu "binti" ukapata mizani 2, kipande kitapwaya. Hiyo "n" inahesabiwa, bi-n-ti. Toleo rahisi kulitafuta ni Tenzi Tatu za Kale la M. M. Mulokozi (1999), ambamo utendi huu umo pamoja na wa Fumo Liyongo na Al-Inkishafi.

Baada ya hapo chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), riwaya ya Ukerewe iliyowahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania. Mama, Regina, anawapenda binti zake, lakini nyumba iko chini ya mumewe Zakaria, mlevi anayemlinda binti yao Rosa kwa kipigo. Rosa hakuketishwa na mtu akaelezwa dunia ikoje. Anatoka nyumbani na hofu tupu, na akiwa huru haijui njia. Watu huisoma kama kitabu cha binti aliyepotoka. Mimi humfuatilia Regina: kila anapotaka kusema na kushindwa, weka alama pembeni ya ukurasa, utaona maafa yanavyojengeka. Siyo kitabu cha mtoto wa shule ya msingi.

Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora (1996), ni nyepesi zaidi kusoma. Kongowea Mswahili analelewa Tanga na mama peke yake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, na mama anafariki mapema. Mwana anasimulia mwenyewe, kwa hiyo mama tunampata kwa kumbukumbu ya mtoto tu. Safari ya kwenda Kenya kumtafuta baba ndiyo inayozungumzwa sana darasani, lakini sura za mwanzo za Tanga ndizo zinazoifanya safari hiyo iwe na uzito. Usizipitie haraka ili ufike barabarani.

Kama una binti au mwana wa miaka 14 hivi, anza na Siku Njema, kisha utendi muusome pamoja, mkipokezana beti. Rosa Mistika ingoje miaka miwili au mitatu, na usome wewe kwanza.