Herufi nne, sauti mbili

Natoka darasa la Kiingereza sasa hivi, hapa Katuba, Lubumbashi. Hata viatu sijavua.

Mwalimu alinipa nisome kwa sauti tangazo la usalama kazini. Nikafika kwenye "lead", nikatamka "liid" kama nilivyozoea: kuongoza.

Papa mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye tanuru la shaba akainua mkono.

"Hapana, mwanangu. Hapo ni plomb. Sema 'led'."

Kweli kabisa! Ukisema "liid" unaongoza watu, au uko mbele mbioni, au umeshika kamba ya mbwa. Ukisema "led" ni risasi, yale madini mazito yenye sumu, ambayo kwa Kifaransa ni plomb. Na ukiongoza jana, basi inaandikwa "led", inasikika sawasawa na madini.

Papa akachonga kreyo yake polepole, akaniinulia ncha.

"Na hii pia Waingereza wanaiita 'led'."

Ndani hamna risasi hata chembe, ni grafiti. Ilipopatikana Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, karne ya 16, watu walidhani ni aina ya risasi. Jina likabaki.

Nikanyamaza. Maana na sisi kwa Kiswahili kreyo tunaiita *kalamu ya risasi*! Miaka yote nimeitamka bila kujiuliza.

Bado naona ule unga mweusi kwenye kidole gumba cha yule papa.

Ndugu zangu, ni neno gani la Kiingereza lililowageuka mdomoni? Niandikieni, leo nasoma yote.